Barua kwa mwanangu: hiyo Subaru STI usiipeleke yadi

Mama, marahaba. Meseji yako nimeisoma jana usiku nikaona nisikupigie, maana kwenye simu tunakatana maneno na wewe unakuwa na haraka ya kazini, bora nikuandikie yote usome ukiwa umetulia. Umeuliza kama uipeleke Subaru yako, hiyo WRX STI, kule yadi ya magari wakupe Subaru nyingine, WRX S4 ya 2017, halafu wewe uongeze hela juu, maana foleni inakuchosha na gari inagusa chini. Mimi nasema usiipeleke, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujajibu.

Kwanza ujue unachoacha na unachochukua, maana naona yule kijana wa yadi amekuelezea kama vile unatoka STI ya zamani unaingia STI mpya, na sio hivyo. Gari yako ni bodi ya GVB ya 2011, injini EJ20 turbo, hospawa 308, gia sita za mkono. Hiyo S4 ni injini FA20, hospawa 300, na ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za kuhesabu, S4 za toleo hilo zote zilitoka kiwandani na CVT, ya manyuo hakuna. Kwa hiyo unahama gari kabisa mwanangu. Ni gari nzuri, nimeshazishika hapa gereji, imetulia ndani, haina kelele, ila ukishatoka Usa River ukataka kushusha gia uipite lori kwenye kilima utaona kile ulichozoea mkononi hakipo tena. Na wewe nakujua, wewe ndio ulikuwa unanililia nikufundishe hiltoe, kule kukanyaga breki na mafuta kwa mguu mmoja ukishusha gia, ukiwa bado na leseni ya lena.

La foleni nimekuelewa. Njiro mpaka mjini Arusha asubuhi mguu wa kushoto unauma, klachi ya STI ni nzito kweli, na hapo S4 itakusaidia siwezi kukubishia. Lakini hiyo klachi yako imeshalika, na klachi ya aina hiyo ikilika pedali inazidi kuwa nzito, kwa hiyo sehemu ya huo uchovu wako sio gari, ni klachi. Tukifunga mpya mguu wako wenyewe utakwambia. Na hilo la kwamba inagusa chini ukipanda nyumbani, mama, S4 nayo iko chini vilevile, ile njia ya kwetu masika ikiwa na udongo mwekundu itagusa tu, tofauti ni kwamba hiyo utakuwa bado unadaiwa.

Sasa hela, maana hapa ndipo roho inaniuma. Yadi anapata mara mbili. Anashusha bei ya yako, anakwambia ni ya zamani, rangi imefifia, soko la Subaru limelala, halafu ya kwake anaipandisha. Tuseme mfano tu, wewe ukiiuza mwenyewe kwa utaratibu unapata milioni 25, yeye atakupa 18 na atakuonyesha kwamba amekusaidia. Na ile S4 bei yake imebeba kodi yote ya kuingia nchini, ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na ile ya uchakavu ambayo gari ikifika miaka 8 ni asilimia 15 na ikizidi 10 ni 30, zote hizo wewe ndio unazilipa ndani ya bei, na siku ukitaka kuiuza hakuna mtu atakayekurudishia. STI yako kodi zake zilishalipwa na zikasahaulika zamani. Halafu umetaja mkopo wa SACCOS. Mwanangu sitaki ukatwe mshahara miaka mitatu kwa ajili ya gari wakati unayo gari inayowaka kila asubuhi, hilo nakuomba kama baba yako. Ule mkopo ungekuwa wa kiwanja nisingesema neno.

Kuna jambo lingine vijana wa yadi hawakwambii. Hiyo gari yako haitatengenezwa tena. EJ20 ilianza na Legacy ya kwanza ya 1989, Oktoba 2019 Subaru wakatangaza toleo la mwisho la WRX STI yenye injini hiyo, gari 555 tu, na Machi 2022 wakasema STI ya petroli kwenye WRX mpya hawataitoa. Mjomba wako mpaka leo anasimulia Safari Rally ya 1997 McRae alivyoshinda na Impreza kama vile alikuwa amekaa naye ndani, na watu wa aina yake wapo wengi huku kwetu, STI ya manyuo iliyotunzwa haikosi mtu wa kuiuliza. Ukiiuza leo ukaja kuitamani baada ya miaka minne utakutana na zile zilizobonyezwa na vijana, turbo imechoka, injini imeshafunguliwa mara kadhaa.

Nisikufiche, yako nayo inataka hela. Taimingi belti imekaribia kilomita laki moja tangu ifungwe, na EJ20 belti ikikatika valvu zinagonga pistoni, hapo unaongelea injini sio belti. Hiyo haisubiri. Tutafunga na waterpampu na tensheni ya belti, kazi ni ileile moja usije ukalipa kufungua mara mbili. Klachi nimeshasema. Bushi za mbele, na oili uwe unaichungulia kila wiki, sio mpaka taa iwake, hizi injini za kulala, pistoni zake zimelala ubavu, zinakunywa oili kimyakimya. Vyote hivyo, hata ukifunga spea orijino, havifiki hata robo ya hela unayotaka kumuongezea yule wa yadi.

Na kama baada ya yote haya moyo wako bado uko kwenye S4, basi sitagombana na wewe, ni hela yako na umeitolea jasho. Ila usisaini kabla sijaiona. Wakupe namba ya chesesi na karatasi ya mnada ya Japani tuangalie kilomita, maana hapa mjini kilomita zinarudishwa kama kucheza. Uulize oili ya CVT imebadilishwa lini na waliweka gani, nimeona mafundi wanamwagia ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, na CVT ikishaharibika huku kwetu spea ni kuagiza na kusubiri. FA20 petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda haipiti kwenye valvu kuziosha, kwa hiyo masizi yanajaa pale, lazima nifungue nichungulie. Na STI usimwachie mtu yeyote funguo mpaka umiliki uwe umehamishwa TRA, la sivyo akipigwa tochi pale Maji ya Chai kwenye 50 ile faini ya 30,000 inakuja kwa jina lako, na zikirundikana wewe ndio unasumbuliwa.

Njoo nayo Moshi tuifanyie kazi Jumamosi. Ufike Ijumaa ulale hapa, gari isiwashwe asubuhi mpaka niwepo, nataka niisikie inavyowaka ikiwa baridi ndio nijue hali ya injini. Belti nitaiagiza kesho, pampu tutatafuta wote hapa mjini. Mama yako anasema uje na wale wenzako uliosoma nao chuo kama wapo, yeye atapika. Huyo wa yadi mwambie utampa jibu Jumatatu, na asikuchukulie hela ya kushikia gari, hata laki moja usitoe.

Baba yako.