Harambee ya Miti ya Malisho: Maziwa ya Uji Yasikatike Kiangazi

Ndugu wazazi, walezi, na ninyi mliosoma shuleni kwetu hapa Igunga mkaenda kutafuta maisha Dar, Mwanza na kwingineko, salaam.

Kiangazi kimeshika. Ng'ombe watatu wa shule, ambao maziwa yao huingia kwenye uji wa darasa la kwanza na la pili, wamepungua maziwa vibaya, na mmoja ameanza kutafuna mifuko ya saruji iliyoachwa na mafundi. Nyasi zipo, ila ni makapi. Zikishakauka, protini yake hushuka chini ya asilimia 7, na chini ya hapo tumbo la ng'ombe linashindwa hata kuzisaga vizuri hizo nyasi zenyewe. Ndiyo maana unamwona ameshiba na mbavu zinahesabika. Mashudu ya pamba yangesaidia, lakini bei yake hupanda siku zile zile ambazo kila mfugaji anayatafuta.

Kamati ya shamba imeamua kupanda lusina na glirisidia, miti ambayo majani yake ni chakula cha ng'ombe. Mizizi yake hushuka chini kuliko ya nyasi ikafuata maji, na majani ya lusina yana protini zaidi ya asilimia 20. Wenye ngitili, yaani malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi, hawahitaji kuelezwa faida ya mti malishoni. Majani ya ziada tutayakausha kivulini na kuyatia kwenye magunia.

Wapo waliouliza kama lusina haina sumu. Inayo kiasi, inaitwa mimosini, kwa hiyo haitazidi theluthi ya chakula cha ng'ombe. Punda wetu wa maji hataionja kabisa, labda tukitaka kumwona hana nywele za mkia! Glirisidia shida yake ni harufu: ng'ombe hunusa, hupuliza pua, hugeuka. Majani yakilazwa yakanyauka, kwa kawaida huyakubali.

Tunahitaji miche 1,500. Gharama yote ni shilingi 4,200,000, na zaidi ya nusu ni uzio, maana mbuzi wa jirani hawajui mche wa shule. Wazazi wamekwisha kuchanga 1,150,000 na kuahidi kuchimba mashimo. Zimebaki 3,050,000.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya Agosti, saa nne asubuhi, uwanjani. Hatuwezi kuisogeza mbele: mbegu lazima ziingie kwenye viriba (mifuko ya kuoteshea miche) mapema Septemba ili miche iwe na nguvu ya kupandwa mvua zikishakolea. Mche mdogo ukikuta kiangazi kijacho, mchwa wataumaliza.

Asiye na fedha alete samadi, mifuko mitupu ya maziwa ya kufanyia viriba, au nguzo za uzio. Mlio mbali, tumeni kupitia mwakilishi wa darasa lenu. Mhasibu wa kamati atatoa risiti kwa kila mchango, na orodha itabandikwa kwenye ubao wa matangazo Jumatatu inayofuata.