Mhariri, kii ya Windows ya elfu arobaini ilinifia baada ya miezi sita

Mhariri, salaam.

Makala yenu ya kompyuta niliisoma nikiwa kaunta, mteja anasubiri fotokopi na mimi nimeng'ang'ania gazeti, maana ilikuwa inanigusa penyewe. Mmesema Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, sawa, mmesema watu waache kreki, yaani Windows ya wizi iliyovunjwa kufuli, wanunue leseni halali, sawa pia, halafu mkaishia hapo. Sasa hapo mlipoishia ndo mimi nilipoumia. Kununua nilinunua, tena kwa hela yangu ya jasho, na bado leseni haikuwa leseni.

Mimi nina steshenari ndogo huku Mbagala. Fotokopi, kuprinti, kulamineti, kuombea vijana mkopo wa HESLB, vyeti vya RITA, namba ya TIN, Ajira Portal, hizo ndo kazi zangu kutwa nzima. Mwaka jana kompyuta yangu ya zamani ilikufa, mtoto wa dada yangu anayesoma ufundi akanambia mamdogo usihangaike kununua kompyuta nzima, nipe mimi hela kidogo kidogo nikuunganishie. Na kweli akaunganisha. Mazabodi na prosesa vya mtumba, prosesa ni Core i5 ya kizazi cha 8 kwa sababu alisema ukishuka chini ya hapo Windows 11 inaanza kukukatalia, ram GB 8, SSD ya kuhifadhia mafaili ya GB 256, kesi tukatumia ileile ya zamani tukaifuta vumbi kwa brashi ya rangi. Ilipowaka nilipiga kigelegele mpaka jirani wa duka la dawa akaja mbio kuuliza kuna harusi ya nani.

Ila kompyuta ya kuunganisha nyumbani inazaliwa uchi, na hili wengi hatulijui. Ukinunua laptopu au kompyuta ya mezani ya kampuni, hata iwe mtumba wa kutoka Ulaya, mara nyingi leseni imo humo humo ndani, tangu enzi za Windows 8 mwaka 2012 kiwanda kinaiweka kwenye bodi yenyewe, ukipiga windo upya, yaani ukiweka Windows upya, inajitambua bila kuulizwa kitu. Ya kwetu bodi ilikuwa ya kuuzwa kivyake, haina chochote. Na bei ya Microsoft kwa Windows 11 Home ni dola 139, Pro ni dola 199, yaani hiyo ya chini kabisa inavuka laki tatu, na kompyuta yangu nzima na mausi yake ilinitoka laki nne na nusu. Hebu niambie, mama wa fotokopi ya shilingi mia anaanzia wapi?

Basi nikaenda Kariakoo. Duka silitaji, na si moja linalofanya hivi. Kijana akanipokea vizuri, anti karibu, kupiga windo ya kreki elfu kumi, orijino elfu arobaini. Nikamwambia mdogo wangu kreki sitaki, kompyuta yangu inapita vyeti vya watu, namba za NIDA, mpaka pasiwedi zao, nataka ya halali. Akasema basi anti chukua orijino, hiyo ni ya maisha. Akanipa kikaratasi chenye herufi na namba 25, ndo kii yenyewe ya kufungulia Windows, makundi matano ya tano tano, kipande cha A4 kilichokatwa kwa mkasi upande mmoja umepinda. Hapo ndo nilitakiwa nishtuke mhariri, maana vikaratasi vya kupinda hivyo navikata mimi kila siku dukani kwangu. Akachomeka flashi yake, likafunguka dirisha jeusi likajifunga, akanionyesha imeandika imekubali. Nikatoa elfu arobaini. Risiti ikaandikwa neno moja tu, "software".

Hiyo ilikuwa Mei. Novemba nafungua duka asubuhi, pembeni chini kulia yametokea maandishi ya kijivu Activate Windows, na hayaondoki, unafungua barua ya mtu yapo, unafungua fomu ya mkopo yapo. Kijana mmoja niliyekuwa namjazia fomu akanong'ona, anti kumbe na nyie mnatumia kreki. Niliona aibu we acha tu.

Yule mwanangu fundi, mtoto wa dada, akaja jioni, akafungua lile dirisha jeusi la amri, Command Prompt, akaandika slmgr /dli, kikatokea kisanduku kidogo chenye neno VOLUME_KMSCLIENT. Akacheka halafu akanyamaza. Ikabidi anieleze kama ananifundisha darasa la kwanza. Kumbe hiyo ni leseni ya makampuni, ofisi yenye kompyuta mia mbili haiwezi kuandika kii moja moja, kwa hiyo wanaweka seva yao moja na kompyuta zote zinaenda kuripoti pale, na kila kompyuta inapewa siku 180 tu, ndani ya siku hizo inatakiwa irudi kwenye seva ya ofisi yake ikaongezewe. Mimi ofisi yangu iko wapi? Siku 180 ndo hiyo Mei mpaka Novemba. Na kilichonimaliza kabisa, zile herufi 25 nilizouziwa Microsoft wenyewe wameziweka hadharani kwenye tovuti yao, mafundi wa makampuni wazichukue bure, kwa sababu peke yake namba ile haifungui kitu bila seva. Yaani nimelipa elfu arobaini kununua namba ambayo kila mtu anaweza kuisoma, ni sawasawa na mtu akuuzie 114 ya zimamoto halafu akuandikie na risiti.

Na ile flashi je? Hapo ndo usingizi uliponiruka, maana kilichofanya kazi siku ile hakikuwa kikaratasi, ilikuwa ni programu iliyopita kwenye dirisha jeusi kwa sekunde mbili. Desemba 2021 kampuni ya usalama wa mitandao ya Marekani, Red Canary, ilitoa taarifa kwamba watu waliokuwa wanatafuta KMSPico, ambayo ni dawa maarufu ya kukrekia Windows, walikuwa wanapakua pamoja nayo mdudu anaitwa Cryptbot, kazi yake kuiba pasiwedi zilizohifadhiwa kwenye brauza na pochi za sarafu za kidijitali. Mimi sarafu za kidijitali sina, ila brauza yangu imebeba akaunti za vijana wangapi? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mimi mwenye steshenari nashika taarifa za watu, kesho mtu akiingiliwa akaunti yake nitamwambia hakimu nilinunua orijino Kariakoo? Tulifuta SSD yote tukaanza upya, na wateja wa mara kwa mara nikawaambia mmoja mmoja wabadilishe pasiwedi, wengine walinielewa, wengine sijawaona tena.

Nilirudi dukani kule. Kijana wala hakubisha. Anti leta ishirini nikurudishie, akasema, kwa sauti ileile nzuri.

Toka hapo nikaamua nijue hii kitu mpaka mwisho, na nilichokijua ndo sababu ya barua hii. Neno orijino halitoshi, na "halali" peke yake nayo haitoshi, lazima uulize ni leseni ya aina gani, kwa sababu kii zote zina herufi 25 na zote zikikubali mtu wa kawaida haoni tofauti. Kuna ya OEM, yaani ya watengeneza kompyuta, hii ni kama namba ya chesisi ya gari, inakaa na bodi iliyofungwa mara ya kwanza, bodi ikifa imekufa nayo. Rafiki yake mwanangu yuko Temeke alinunua ya namna hii, ya halali kabisa na bei ilikuwa afadhali, umeme ukakatika ukarudi kwa kishindo, bodi ikatoa moshi, leseni ikazikwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo kwa sisi wa kuunganisha, tunaobadilisha bodi za mtumba kama vitenge, hiyo nafuu ya OEM ina mtego wake. Halafu kuna ya rejareja, inayouzwa yenyewe bila kompyuta, hii ni kama laini ya simu, unaitoa kwenye simu iliyokufa unaiweka kwenye nyingine. Ile ya makampuni niliyouziwa mimi ni basi la wafanyakazi, unaweza ukapanda na kondakta asikuone na ukasogea kabisa, ila wakianza kukagua vitambulisho unashukia porini.

Mtandaoni nako kuna wanaouza kii dola 10, dola 15, na ukiwabana wanakwambia mahakama ya Ulaya imeruhusu. Ni kweli kuna kesi, UsedSoft na Oracle, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa uamuzi tarehe 3 Julai 2012 kwamba programu uliyonunua iwe yako siku zote unaweza kuiuza ikiwa imetumika, kama unavyouza kiti. Ila wauzaji wanasoma nusu. Mahakama ileile ilisema anayeuza lazima aifute kwake, na aliyenunua leseni ya watu wengi kwa mkupuo haruhusiwi kuimegamega akauza vipande. Na zaidi ya yote ni sheria ya Ulaya, Mbagala haiko Ulaya, huku tuna Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ambayo programu ya kompyuta inailinda kama kitabu.

Sasa mimi nilipataje ya halali kwa bei ninayoiweza? Kwa ndugu. Kaka yangu yuko Dodoma, miaka ile alinunua Windows 10 ya rejareja, ile ya kwenye boksi yenye flashi yake ndani, akaweka kwenye kompyuta ya mezani, siku hizi anatumia laptopu iliyokuja na leseni yake na ile ya mezani imekuwa meza ya chungu cha maua. Masharti ya Microsoft kwa leseni ya rejareja yanaruhusu mnunuzi wa kwanza kumhamishia mtu mwingine, mradi aiondoe kwake na huyo mwingine akubali masharti. Akaiondoa, akanitumia boksi kwa basi, nikampa elfu themanini na yeye akasema dada ungenipa hata hamsini. Tukaiingiza, ikakubali, tukapanda Windows 11 bila kulipa senti nyingine kwa sababu kii ya 10 inaikubali 11. Mwanangu akaandika tena slmgr /dli mbele yangu, safari hii likatoka neno RETAIL. Nimelipiga picha, ninalo kwenye simu.

Na kumbe ilikuwa ya Home. Nilikuwa nataka Pro kwa sababu jina linasikika kubwa, mwanangu akaniuliza mamdogo hiyo Pro ya nini, una seva ya ofisi ya kuunganisha kompyuta? Sina. Basi kwa anayelazimika kununua dukani dola 60 za bure zipo hapo hapo. Wanafunzi nao waulize chuoni kwao kabla ya kwenda Kariakoo, huenda chuo kina mpango na Microsoft wa kuwapa wanafunzi kii bure na watoto hawajui.

Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, tumeijaribu kwenye kompyuta ya pili, ile ya Mint. Bure kabisa, printa iliitambua kabla hata sijaiambia, kwa mtu wa kuprinti na intaneti inatosha sana. Mimi ilinishinda kwenye CV tu, mteja anakuja na ya Word yenye majedwali, unaifungua kule majedwali yanahama nyumba. Ila inaniuma kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia kama Word, kwa Kiswahili tangu 2004 na leo ukimtajia fundi wa mtaani anadhani unamsalimia.

Ombi langu mhariri, mkiandika tena msiishie kwenye "nunueni halali". Andikeni mnunuzi aulize aina, na muuzaji aiandike kwenye risiti, rejareja au OEM, Home au Pro, maneno mawili tu, kama fundi simu anavyoandika kioo ni orijino au kopi. Risiti yangu ya "software" nilienda nayo kulalamika, nikaulizwa mama sasa hapa umeuziwa nini, nikakosa jibu. Tume ya Ushindani, FCC, wanakamata bidhaa bandia, na hii ni bidhaa bandia ya karatasi, haina boksi wala uzito, inakatwa kwa mkasi. Anayetaka kuangalia ya kwake leo afungue lile dirisha jeusi aandike slmgr /xpr, ikimtajia tarehe ya kuisha ajue na yeye yuko kwenye basi la watu.

Kikaratasi changu bado ninacho, nimekilamineti, kimebandikwa juu ya printa. Wateja wakiuliza nawasimulia wakati karatasi zinatoka.

Mama Steshenari,
Mbagala, Dar es Salaam