Lawama za Mpira Zisimfuate Mchezaji Hadi Mlangoni Kwao

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme machache kuhusu tabia yetu sisi mashabiki wa kandanda ya kumwangushia mchezaji mmoja jumba bovu kila timu inapofungwa.

Majuma machache yaliyopita, timu ya mtaa wetu hapa Lamu ilifungwa 1-0 katika uwanja wa Twaif. Kipa wetu, kijana wa miaka 19, aliutema mpira wa krosi na mshambuliaji wa wageni akautia wavuni. Kwamba alikosea, hakuna anayekataa. Lakini krosi hiyo ilitoka upande ambao beki wetu alikuwa amepanda kushambulia asirudi, baada ya kiungo kupokonywa mpira katikati ya uwanja, tena katika mechi ambayo washambuliaji wetu walikosa nafasi tatu za wazi kabla ya mapumziko. Hayo yote yalisahauliwa hata kabla ya kipenga cha mwisho, na kufikia magharibi ilikuwa ikisemwa barazani kwamba kijana ameuza mechi.

Neno hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kusema kwamba mchezaji amecheza vibaya ni haki ya shabiki. Kusema ameuza mechi ni kumwita mwizi na msaliti wa wenzake, na mwenye kulitamka hudaiwa ushahidi. Hapa hakuna aliyeutoa, wala hakuna aliyeulizwa. Katika jiji kubwa huenda mchezaji akapotelea katika umati, lakini mji wetu ni wa vichochoro, na kijana huyu akitoka uwanjani hupita baraza baada ya baraza kabla hajafika kwao, na kila aliyeketi hapo anamjua yeye, babake na babu yake. Mamake, ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani, aliulizwa habari za bao hilo akiwa sokoni ananunua samaki.

Maonevu haya yamewapata hata wachezaji wakubwa. Tarehe 16 Julai 1950, Brazil, iliyohitaji sare tu ili itwae Kombe la Dunia, ilifungwa 2-1 na Uruguay katika uwanja wa Maracanã. Mabao yote mawili ya Uruguay yalianza kwa winga wao Ghiggia kumpita beki pembeni. La kwanza alimpasia mwenzake Schiaffino, la pili akafunga mwenyewe. Hata hivyo, jina lililong'ang'aniwa zaidi ni la kipa wa Brazil, Barbosa, ambaye aliandamwa na lawama hizo hadi alipofariki mwaka 2000. Nasi Waafrika tunaukumbuka mkwaju wa penalti wa Asamoah Gyan wa Ghana uliogonga mtambaapanya katika Kombe la Dunia la mwaka 2010, mwishoni mwa muda wa ziada dhidi ya Uruguay. Wachache hutaja kwamba dakika chache baadaye, ilipofika mikwaju ya kuamua mshindi, Gyan huyo huyo alikuwa wa kwanza kupigia Ghana, na akafunga. Kwangu mimi, huo ni ushujaa unaostahili kusimuliwa watoto wetu pamoja na ule mkwaju uliokosewa.

Viongozi wa timu yetu nao wana sehemu yao. Walimpanga wenyewe, wakamwona anatukanwa, wakanyamaza. Kocha angesimama siku ile ile akawaambia watu kwamba bao lilikuwa la timu nzima, naamini maneno yasingefika sokoni. Na waandishi wa habari za michezo, Mhariri, nawaomba waeleze bao lilivyoanza, si jina la aliyekosea mwisho peke yake.

Kijana hajafika mazoezini tangu siku hiyo. Waliomtuhumu barazani wanaijua njia ya kwao. Nawasihi waende wamtake radhi, na mamake awe anasikia.

Ni mimi,
Mpenzi wa kandanda,
Lamu.