Tuuze shamba kwa ajili ya tiba ya sumaku?

Mheshimiwa Mshauri,

Mdogo wangu wa kike, mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora, anaugua sonona kwa mwaka wa pili sasa. Alianza na dawa ya amitriptilini, kisha akabadilishiwa fluoksetini, kila moja kwa kipimo na muda ambao daktari aliuona unatosha. Lakini bado usingizi haupati, hali chakula mpaka abembelezwe, na darasani hajarudi.

Mpwa wetu anayesoma India ndiye aliyetuletea habari za tiba ya kuchochea ubongo kwa sumaku. Kwa maelezo yake, ambayo daktari aliyathibitisha, koili, yaani waya uliozungushwa, huwekwa juu ya kichwa, mbele upande wa kushoto, na mapigo ya sumaku hupenya fuvu na kuamsha umeme mdogo katika seli za sehemu ya ubongo inayohusika na hisia. Mgonjwa huwa macho wakati wote, hapewi nusukaputi, wala kumbukumbu zake hazivurugiki kama inavyoweza kutokea katika tiba ya mshtuko wa umeme. Marekani iliiruhusu mwaka 2008 kwa watu ambao dawa haikuwasaidia. Naeleza haya kwa kuwa baadhi ya ndugu bado wanaamini kwamba anapelekwa kuchomwa umeme, na shangazi amekwisha kutamka kwamba huo ni uganga uliovaa koti jeupe.

Baba mdogo amejitolea kuuza ekari zake za tumbaku kule Urambo ili kugharimia safari, na hapo ndipo ninapokwama. Tiba hii hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita, kwa hiyo juu ya malipo ya hospitali kuna malazi na chakula cha watu wawili ugenini. Tena, wanaopata nafuu kubwa ni takriban nusu ya wagonjwa, na miongoni mwao wapo ambao dalili huwarudia baada ya miezi kadhaa, wakalazimika kutibiwa upya. Akirudiwa akiwa huku Tabora, tutauza nini tena?

Liko na jambo la degedege. Alilipata utotoni kila homa ilipopanda, na tumeelezwa kwamba tiba hii, ingawa ni kwa nadra sana, inaweza kusababisha mtukutiko kama wa kifafa. Je, degedege la namna hiyo ni kizuizi, au kinachoangaliwa ni kifafa cha ukubwani? Chuma kichwani, ambacho nacho huzuia tiba ya sumaku, hana.

Mwenyewe tukimuuliza hujibu, "Fanyeni mnavyoona," nami nashindwa kujua kama hiyo ni ridhaa au ni sonona inayomsemea.

Naomba unishauri kama tumalize kwanza njia zilizopo nchini, yaani dawa ya aina ya tatu pamoja na tiba ya mazungumzo kwa wataalamu wa Dodoma au Dar es Salaam, au kama kuchelewa huko kutamdhuru zaidi. Unitajie pia maswali ya kuiuliza hospitali ya India kwa maandishi kabla baba mdogo hajapokea fedha, maana mnunuzi anataka jibu kabla ya mvua kuanza.

Wako,
Kaka wa mgonjwa, Tabora