Barua kwa Mjomba wa Tongoni, kuhusu mkono wako na panya wetu

Shikamoo Mjomba,

Uliniuliza panya wa chuoni wana habari gani za mkono wako. Nakujibu hadharani, maana wenye swali hilo ni wengi.

Ugonjwa wako, Parkinson, unakuja pale seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea, zinapokufa. Ziko ndani mno, na mtu hai hafunguliwi ili zihesabiwe. Panya, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, anachomwa 6-hidroksidopamini, sumu inayoua seli hizo, upande mmoja tu wa ubongo. Ukiumia upande wa kushoto, mguu wa mbele wa kulia ndio unaolegea. Kazi yangu ya mwaka wa mwisho ni kutazama video: panya yumo ndani ya silinda ya kioo, anasimama, anashika ukuta. Nahesabu. Kushoto, kushoto, yote miwili, kushoto. Wa kulia umekunjwa kifuani. Hapo ndipo ninapokukumbuka wewe, fundi wa nyavu, ukinywa kahawa kwa mkono wa kushoto.

Sumu nyingine unaijua kunishinda. Wazee wetu walitwanga mmea wa utupa wakavulia samaki. Utupa una kemikali za jamii ya rotenoni, ambazo huinyima seli nguvu. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwatia panya rotenoni kwenye mshipa wa damu, mfululizo kwa wiki kadhaa, na baadhi wakapoteza seli zilezile za dopamini. Tafadhali usianze kujilaumu kwa uvuvi wa ujanani! Hayo ni mbali sana na kushika majani ya utupa, na hakuna daktari anayeweza kukutajia chanzo cha ugonjwa wako.

Na sikuahidi tiba. Panya haugui Parkinson yenyewe; sumu yangu inaua seli kwa siku chache, zako zilipungua kwa miaka kabla kidole hakijatetemeka. Dawa kadhaa zilizolinda ubongo wa panya zimegonga mwamba kwa binadamu.

Lakini kidonge chako kina deni kwa sungura. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura reserpini, dawa inayomaliza dopamini ubongoni, wakalala hawajigusi. Akawachoma dopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakaamka. Levodopa unayomeza imetokana na njia hiyo. Usiiache kwa kuwa wiki hii unajisikia vizuri. Ikiwa nguvu yake inaisha kabla ya saa ya kidonge kinachofuata, andika saa hizo, nipigie, nije twende wote kwa daktari.