Kilti ya kupandia milima

Glasgow, Jumapili usiku

Sahibu yangu Hamza,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako umenichekesha peke yangu ndani ya basi mpaka watu wakanigeukia. Kwa hiyo habari zimeshafika Tanga kwamba navaa sketi! Waambie hapo barazani kwamba wao wenyewe wanashinda wamevaa misuli na hakuna aliyewauliza kitu. Kilti, vazi la kiume la Waskoti, ni jamaa ya msuli, ila hii imeshonwa marinda nyuma na kutiwa mikanda kiunoni.

Sasa, kwa kuwa Septemba unakuja Aberdeen na umeshaapa kwamba tutaitembea West Highland Way yote, ile njia ya miguu ya huku Uskoti, kilomita 154 mpaka Fort William, nikueleze mapema usije ukaliwa pesa kama mimi.

Ya kwanza niliinunua Edinburgh, duka la watalii, pauni 35. Nikajiona mjanja. Kumbe ni akriliki tupu, nyepesi kama leso. Tulipopanda Conic Hill, pale juu ya ziwa la Loch Lomond, upepo ukainyanyua mbele na nyuma kwa mpigo. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine heshima yangu. Jioni cheche ikaruka kutoka kwenye moto, ikaitoboa, na kingo za tundu zikayeyuka kama mfuko wa nailoni. Sufu haina tabia hiyo, haishiki moto upesi wala haiyeyuki.

Kwa hiyo ukifika dukani usianze na rangi, uliza uzito. Wenyewe wanapima kwa wakia kwa kila yadi. Ya wakia 10 au 11 ni ya harusini. Ya 13 inavumilika. Ya kutembelea nyikani ni 16, na zile kuukuu za jeshi huwa nzito zaidi. Kilti kamili inakula yadi 8 za kitambaa, nyingi zimekunjwa kwenye marinda, ndiyo maana mgongo wa chini na makalio vinapata joto ambalo suruali haikupi. Mbele nako kuna mapande mawili yanayopishana. Uzito huohuo ndio unaoizuia isipeperuke. Na sufu hata ikilowa bado inatia joto, tofauti na jinzi, ambayo ikishalowa inakugandia miguuni siku nzima.

Mpya ya kushonewa kwa mkono sahau, ni mamia ya pauni. Dawa yake ni mitumba. Ndiyo, hata huku ipo! Yangu ya sasa nimeipata kwenye duka la hisani kwa pauni 60, sufu nzito, kijani na buluu iliyokolea. Nilikuwa nimeitamani nyekundu iliyotundikwa pembeni yake, lakini nilipojitazama kwenye kioo nikamwona morani wa Longido aliyepotea njia. Usihofu kuhusu rangi za koo za Kiskoti, hakuna sheria inayokukataza kuvaa rangi za ukoo wa watu.

Ukiishika, iinue kwenye taa uangalie vitundu vya nondo, hasa ndani ya marinda. Mikanda ya ngozi ikiwa imechakaa usijali, fundi anabadilisha. Urefu ndio usiudharau. Ukingo wa chini ni mwisho wa kitambaa wenyewe jinsi ulivyofumwa, haukupindwa, kwa hiyo huwezi kumpa fundi akufupishie kama suruali. Inavaliwa juu, usawa wa kitovu, na inaishia katikati ya goti. Isizidi hapo. Wanajeshi wa Kiskoti katika Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwa wakikaa kwenye mahandaki yenye matope, pindo zikilowa na kuganda kwa barafu zikawa zinawachana nyuma ya magoti. Mimi nimeonja kidogo tu ya hiyo, Februari, na sirudii.

Vaa na soksi ndefu za sufu. Kuna kupe kwenye majani marefu, na kiangazi kuna usubi wa kukutoa machozi, tena wanapenda magoti kuliko kitu kingine chochote. Hapo kilti haina msaada, nakwambia kweli. Mvua ikiisha, usiitie kwenye mashine. Itundike, iache ikauke polepole, halafu ipige brashi.

Na lile swali lako la mwisho ulilouliza kwa kunong'ona: wanaojidai hawavai kitu ndani waache waendelee. Mimi navaa bukta. Jaribu kukaa juu ya jiwe lililolowa ndipo utanielewa.

Nitumie vipimo viwili, kiuno usawa wa kitovu na makalio pale palipojaa. Kisha piga magoti, mtu akupimie kutoka kitovuni mpaka sakafuni. Usinipe namba ya suruali, haisaidii. Nikipata nzito nyingine nitakuwekea, nawe nibebee kashata za nazi, nyingi.

Nduguyo,
Salim