Shukrani kwa dada wa kiti cha dirishani, basi la Lindi kwenda Mtwara

Dada yangu, jina sikukuuliza. Ulipanda Lindi ukanikuta nimeng'ang'ania chuma cha kiti cha mbele, moyo unanienda mbio. Siku tatu nilikuwa sijapata usingizi. Hukuniuliza nina nini. Ulisema tu, "Kaka, vua viatu." Nikajua ni utani wetu wa kusini.

Kumbe hapana. Ukaniambia nifumbe macho, nianze na vidole vya mguu wa kushoto, nisivichezeshe, nivisikilize tu: joto, ganzi, au hata pasipo na kitu. Kisha unyayo, kifundo, shavu la mguu. Mawazo yakikimbia nisiyafokee, niyarudishe taratibu pale nilipoachia. Tulifika Mingoyo tungali kwenye goti, wauza korosho wanagonga vioo! Kwenye taya ndipo nilipojishangaa: nilikuwa nimelibana, sijui tangu lini.

Baadaye nilisoma kwamba zoezi hilo mwalimu mmoja wa kutuliza akili, Jon Kabat-Zinn, alilifundisha Marekani kuanzia 1979, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, wakiwa wamelala chali kwa dakika 45 hivi. Sisi tulilifanya tumebanana, na mtoto wa jirani kanilalia begani.

Ulishuka Mikindani kabla sijafumbua macho vizuri. Usiku ule nilijaribu tena kitandani. Kiunoni sikufika, nikapitiwa na usingizi.

Asante sana, dada. Kikapu chako kilibaki chini ya kiti. Embe tumezila, samahani, ila kikapu ninacho.